Mahari ya Chuma

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni chini kwanza na mzime hizo simu. Sikuandika ili mnihurumie. Wajukuu wangu hunisalimia "Niaje, kukhu," nami, nyanya yao, huwaambia kukhu haulizwi niaje, kukhu huamkiwa. Wanacheka, lakini wanaamkia. Mimi niliacha shule darasa la pili, baba aliposema msichana akijua kuandika jina lake inatosha, na hata hilo jina likanitoka. Kusoma nilijifunzia ngumbaru, kichwa kikiwa tayari cheupe, na kilichonipeleka huko ni karatasi moja niliyoiwekea kidole gumba bila kujua imesema nini. Hiyo karatasi ilimhusu mkwe wangu, mume wa binti yangu. Someni polepole.

Nilizaliwa upande wa Myanga, Bungoma. Niliolewa na mtu wa huko huko aliyekuwa akifanya kazi Kitale, na baadaye tukanunua ekari nne kwa barabara ya Endebess, ambapo niko mpaka leo. Mzee wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Kabla hajanioa, alipokuwa kijana, wazungu wa mashamba walikuwa na klabu yao ya kulenga shabaha nje ya mji. Kazi yake ilikuwa kubandika karatasi zenye duara nyeusi kwenye mbao, kuhesabu matundu, na kupaka bunduki mafuta jioni kabla zifungiwe. Wazungu walipoondoka alipata kazi kwa ghala la mahindi, na alipofika miaka ishirini hapo wakampa saa ya mezani ya kupiga kengele. Hiyo saa tuliiweka juu ya kabati na kitambaa chini yake. Ndiyo ilikuwa mali yetu ya kuonyesha wageni.

Alikufa kwa kifua. Mwaka wa pili baada ya kumzika, katika hiyo miaka ya elfu mbili na kitu ambapo fujo za mlimani, za wenye bunduki na serikali iliyowasaka, zilikuwa zimechacha, mchwa walikula ghala letu la nyumbani mpaka likaegemea mparachichi. Nikaamua libomolewe. Huko nyuma kabisa kulikuwa na sanduku la bati la binti yangu, lile la shuleni, aliloliacha alipoolewa. Vitabu vyote vilikuwa udongo. Lakini chini ya vitabu kulikuwa na sweta yake ya shule, na ndani ya mkono wa sweta kitu kizito. Nilidhani ni kichwa cha shoka.

Ilikuwa bastola. Ndefu, ya zamani, ina kigurudumu cha matundu katikati na mpini wa mbao uliopasuka. Niliketi juu ya gunia nikaiangalia kwa muda mrefu. Nililala na mzee huyo miaka thelathini na nane. Nilijua anapoweka kitambulisho, anapoficha sigara, hata jino lake lililong'olewa nilijua limezikwa wapi. Hii sikuijua.

Jirani yangu, mwanamke tunayesali naye, aliniambia niitupe chooni nisiseme na mtu. Nikamwambia choo hujaa, na kikijaa hufukuliwa. Tena chifu alikuwa ameita baraza wiki hiyo hiyo, akatangaza kwamba mwenye silaha ailete kituoni na hataulizwa. Mimi ni mtu wa kufuata tangazo. Niliiweka kwa kikapu, nikafunika na majani ya kunde, nikaenda kituoni. Kituo kipi, sitakitaja.

Sasa sikizeni jambo la ulimi. Sisi watu wa Bungoma tuna shida moja na Kiswahili. Herufi mbili hizi, ile ya lami na ile ya redio, mdomoni mwetu hubadilishana viti. Mtu wa kwetu akikuambia ameona roli, ameona lori. Akikuambia anaenda kurara, muache akalale. Tukiwa sisi kwa sisi hakuna anayesikia kosa. Lakini siku hiyo aliyekaa kwa meza ya kuandika alikuwa kijana wa Pwani, mpole, mgeni huku kwetu, Kiswahili chake kama cha redio. Alinipa kiti. Aliniita mama. Akauliza nimeipata wapi.

"Mahari mzee wangu aliweka," nikasema.

"Mahari?"

"Ndio. Mahari ya msichana wangu. Kwa sanduku."

"Huyo msichana ameolewa?"

"Ameolewa."

"Wapi?"

"Huko juu. Mlimani."

Aliinua kichwa akanitazama, halafu akainama tena akaandika muda mrefu. Nikafikiri, huyu kijana ana bidii. Hakunisomea, nami sikuuliza, kwa maana nilidhani kilichotoka kinywani mwangu ndicho kilichoingia kwa karatasi. Nilichovya kidole kwa wino, nikakandamiza. Akanipa kipande cha gazeti nijipanguse. Nilimbariki. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, nikapanda maharagwe.

Siku ya nne, asubuhi, binti yangu aliingia uani na mtoto mgongoni. Alikuwa amevaa kiatu cha mume mguu mmoja na ndala mguu mwingine. Hakulia. Alinieleza kwamba kabla jua halijatoka watu wa serikali walikuja na gari, wakamtoa mume wake nje, wakamlaza kifudifudi kwa umande. Walimuuliza bunduki zingine ziko wapi. Aliposema hana hata moja, wakamwambia aseme basi ile aliyompa mama mkwe aliitoa wapi. Wakamchukua.

Kisha akaniuliza, "Mama, alikupa nini?"

Sikuelewa hata swali. Nyinyi wa siku hizi mnakumbatiana na wakwe zenu kanisani, lakini kwetu mama mkwe na mkwe hawashikani mikono. Hawaketi chumba kimoja, hawali pamoja. Tangu amuoe binti yangu, mtu huyo alinisalimu kutoka nje ya ua, mgongo umegeuka nusu, kwa adabu. Ni mtu wa mlimani, si wa kabila letu, lakini alishika desturi yetu kuliko watoto wangu mwenyewe. Mtu ambaye sijawahi kumpa kikombe cha chai kwa mkono wangu, ati amenipa bastola.

Tulienda kituoni pamoja, mimi na binti. Mkubwa wa kituo alikuwa mtu mnene mwenye mafua, akifuta pua kila mara na leso ya maua. Aliita yule kijana wa Pwani, akamwambia asome. Kijana akasoma, vizuri kabisa, kwamba mimi, mjane wa mtu fulani, nimesalimisha bastola moja niliyopewa kama mahari ya binti yangu na mkwe wangu anayeishi mlimani.

Nilisimama. Nikasema, "Sikusema mahari. Nilisema mahari."

Wakacheka. Hata askari mmoja aliyekuwa akifunga kiatu alicheka. Nikaona wamenidharau, nikarudia polepole kama mtu anayemfundisha mtoto, nikikata neno vipande vipande: ma, ha, ri. Wakacheka zaidi. Mkubwa akasema, "Mama, sasa umelisema mara tatu. Uliozesha msichana kwa chuma, si ungesubiri ng'ombe?"

Mlangoni alikuwa amesimama askari mwenye umri, mtu wa Bungoma kama mimi. Yeye hakucheka. Akasema, "Afande, anasema mahali. Pahali pa kuweka vitu." Kwa sababu ameishi na watu wengi, yeye ulimi wake ulikuwa umenyooka. Kijana wa Pwani akatazama karatasi yake, na nikaona shingo yake inashuka.

Mkubwa hakuwa mtu mbaya wa kupiga kelele. Alisema tu kwamba karatasi ina kidole changu, na kwamba kila mama siku hizi ana neno la kumtoa mtoto wake. Ikiwa ni kweli hiyo bastola ni ya mzee wangu, nilete mtu anayeijua aeleze ni ya aina gani na kazi yake ni nini. Na nionyeshe ilikuwa nyumbani kwangu kabla binti hajaolewa. Vinginevyo yeye ataamini karatasi. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Mkwe wangu alikuwa mahabusu hapo hapo, nyuma ya ukuta, na Ijumaa mchana mahabusu wote wa mlimani wangepelekwa mbali. Waliopelekwa mbali tulikuwa tumesikia habari zao.

Nilimjua mtu mmoja tu. Mjini Kitale, karibu na msikiti, kulikuwa na mzee fundi wa cherehani. Kabla ya cherehani alikuwa fundi wa bunduki za wazungu, na mzee wangu alimpelekea za klabu zilizoharibika. Walibaki marafiki wa kusalimiana. Nilimkuta amekalia kibao, cherehani imelala ubavu, vidole vyake vyeusi kwa mafuta. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akainuka akafunga mlango.

"Shemeji," akasema, "mwaka huu mtu akionekana anajua bunduki, ni kama amekiri. Mimi nimesahau hiyo kazi. Nimeisahau kwa makusudi."

Nikamwambia, "Mkwe wangu hajui bunduki, na yuko ndani."

Alichukua kitambaa akafuta kidole kimoja kimoja. Akaniuliza mpini ulikuwa wa mbao au wa pembe. Nikamwambia wa mbao. Mtutu mrefu kiasi gani? Nikampimia kwa mkono, kutoka kiganjani mpaka ncha ya kidole. Akatikisa kichwa kukubali, na nikajua hajasahau kitu.

Alhamisi tulienda naye. Alivaa kanzu safi na koti juu, kama mtu anayeenda kwa mazishi. Alikuja na mfuko wake wa bisibisi. Mkubwa alitoa bastola kwa droo akaiweka mezani. Fundi hakuigusa mara moja. Aliomba meza isukumwe dirishani, akaomba gunia litandikwe, kisha akaiinua kwa vidole viwili, akauelekeza mtutu ukutani ambako hakuna mtu, na kutazama tundu moja baada ya lingine kama hakuna kitu ndani. Askari vijana walikuwa wameichezea siku nne zote bila kutazama hivyo. Niliona mkubwa ameliona hilo.

Nitawaandikia alichosema kama nilivyokielewa, mimi ambaye ni mtu wa jembe.

Alisema hii ni bastola ya shabaha. Haikutengenezwa kuua mtu, ilitengenezwa kutoboa karatasi. Mtutu wake ni mrefu kwa sababu anayelenga karatasi ana nafasi ya kutulia. Mtu anayetaka kuficha silaha kwa nguo hataki mtutu kama huo. Tundu lake ni dogo, risasi yake ni kama punje ya mahindi, wakati zile zinazookotwa huko mlimani ni ndefu kama kidole. Nyuma, pale jicho linapolengea, kuna kibati chenye skrubu mbili ndogo za kukisogeza, huku na huku, juu na chini. Askari na mwizi hawana haja ya skrubu hizo. Mpini ni mnene upande mmoja kwa mkono mmoja tu wa kulia. Na chini ya mpini, mahali silaha za serikali huwa na kipete cha kufungia kamba, hapa hakuna kipete na hapajawahi kuwa nacho. Mkubwa aliinama akatazama. Akamuuliza kama ndiyo hiyo hiyo ya klabu. Fundi akasema hawezi kuapa juu ya hii yenyewe, mikono yake ilipitisha nyingi, lakini ndugu zake anawajua.

"Inafanya kazi?" mkubwa akauliza.

Hapo fundi akaanza kuitafutia ugonjwa. Alizungusha kigurudumu kwa kidole gumba. Kingefaa kusimama tundu likikabiliana na mtutu, tik, kisitikisike. Chenyewe kilipita, kikarudi, kikalegea kama jino la mzee. Alisema kijino kinachokishika kimelika, na hilo ni kosa la zamani, kutu yake ni ya ndani. Akavuta kinyundo, kikaanguka taratibu, bila sauti. Akakunja uso. Akafungua skrubu za mpini, akatoa mbao zote mbili, akatazama ndani muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Hii springi si yake," akasema.

Ilikuwa ukanda mwembamba wa chuma, umekatwa na kukunjwa, umefungwa na waya. Alisema mtu alijaribu kuifufua hii bastola. Springi yake ya kweli ilivunjika, mtu akaweka nyingine ya kienyeji, nayo ni laini mno, haiwezi kugonga risasi mpaka ilie. Alijaribu, akashindwa, akaificha.

Mkubwa akanigeukia. "Nani alijaribu?"

Miaka ile ya nyuma, wezi wa mifugo walipochoma nyumba tatu upande wetu, mzee wangu alikuwa akikaa peke yake kwa ghala jioni nyingi. Nilidhani anahesabu magunia. Kumbe alikuwa anataka tuwe na kitu. Nikasema ni yeye. Mkubwa akasema marehemu hubebeshwa mengi.

Fundi aliinua ule ukanda kwenye mwanga. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama nyumbani kwetu kulikuwa na saa ya kutia ufunguo.

Niligeuka nikamtazama binti yangu aliyekuwa kwenye benchi la ukumbi na mtoto, mlango ukiwa wazi. Alikuwa amesikia. Alinitazama nami nikatazama chini.

Niwaeleze, maana nimeahidi kuandika yote. Binti huyu alipokuwa darasa la sita, ile saa ya kabati ilisimama siku moja, ufunguo ukawa unazunguka bure. Yeye ndiye alikuwa akipanguza vumbi. Nikamuuliza, akakataa. Nikachukua mwiko wa ugali. Alikataa mara nyingi, hata nikashangaa ukaidi wake, na mwishowe akasema ndio, ni mimi, nimeiangusha. Nikamwacha. Jioni nilimweleza mzee, nikijisifu kwamba nimepata ukweli. Mzee alikula ugali wake wote bila kuinua kichwa.

Alhamisi hiyo nilirudi nyumbani, nikapanda juu ya kiti, nikaiteremsha saa. Kitambaa chini yake kilikuwa na alama nne za miguu yake. Ijumaa asubuhi tulikuwa kituoni kabla ya saa mbili, kwa sababu fundi alitaka kuwahi sala ya mchana. Aliifungua saa mgongoni. Springi kubwa ilikuwa imebaki nusu, imekatwa kwa tupa, imepinda kidogo mwishoni. Akachukua ukanda uliotoka kwa bastola akaulaza kando yake. Mikwaruzo ya tupa ya huku ikaingia kwa mikwaruzo ya kule. Hata mimi niliona. Kijana wa Pwani aliona, akatoa pumzi.

"Saa ilisimama lini?" mkubwa akauliza.

"Msichana akiwa darasa la sita," nikasema. "Aliolewa miaka saba baadaye. Huyo mkwe wakati huo hatukuwa tumemsikia hata jina."

Mkubwa alifuta pua. Alichukua karatasi nyingine kwa faili, akaigeuza geuza. Nikaona hata furaha hana, anaonekana amechoka. Akasema, "Shida ni moja, mama. Mkwe wako amekubali. Ameandikisha juzi usiku. Amesema ni yeye aliitoa, mahari. Sasa mtu akikubali mwenyewe, mimi nifanye nini?"

Fundi alianza kurudisha bisibisi zake kwa mfuko, moja moja. Binti yangu akainuka kwa benchi, akaja akasimama mlangoni, mtoto amelala begani.

"Hata mimi nilikubali," akasema.

"Ulikubali nini?"

"Hiyo saa. Mama alinichapa mpaka nikakubali kwamba nimeivunja." Alinyoosha kidole, si kwangu, kwa ile springi mezani. "Na si hiyo hapo?"

Sauti yake haikupanda. Alisema kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na sikuwa na pa kuweka mikono yangu.

Mkubwa aliitazama springi. Halafu akamwambia kijana wa Pwani atoe karatasi mpya.

Safari hii nilijieleza kupitia yule askari wa Bungoma, yeye akanyoosha maneno, kijana akaandika. Ilipoisha nikasema nisomewe. Kijana akasoma. Nikasema nisomewe tena, na asome mwingine. Wakatazamana, lakini yule askari akaichukua akasoma, na yakawa yale yale. Ndipo nikaweka kidole. Kijana wa Pwani alinisindikiza hadi nje. Akaniomba msamaha, akasema aliandika neno kama alivyolisikia, herufi kwa herufi.

"Kiswahili chako ni kizuri, mwanangu," nikamwambia. "Shida ni hiyo."

Ningependa kuwaambia kwamba mlango ulifunguliwa, akatoka. Tulipouliza, tuliambiwa gari la mahabusu liliondoka alfajiri. Hawakungoja saa waliyosema. Sisi tulipokuwa tukilinganisha vyuma mezani, nyuma ya ukuta hapakuwa na mtu. Karatasi mpya ilimfuata, kutoka ofisi hadi ofisi, na ilichukua wiki tano kumfikia. Fundi alikuwa akipita kila Ijumaa kwa yule mkubwa baada ya sala, anauliza, anarudi kwa cherehani zake. Sikumuomba afanye hivyo. Watu wa msikitini walimwonya aache, akawaambia anafuatilia springi yake.

Mkwe wangu alirudi na uhai wake. Sikio la kushoto halisikii, na mkono wa upande huo hauinuki kupita kifua. Mtu wa kulima kwa ng'ombe, mkono hauinuki. Alikuja kwangu mara moja tu. Alisimama nje ya ua, mgongo umegeuka nusu, kama siku zote, na mimi nikasimama ndani nyuma ya michongoma. Niliona shati linavyomning'inia. Nilitaka kutoka nimshike mkono, desturi iende zake. Sikutoka. Mpaka leo sijui kama ilikuwa heshima au woga.

Alinena na binti yangu ili mimi nisikie, maana sisi hatusemezani ana kwa ana. Akasema, "Muulize mama nilitoa mahari gani."

Binti akanigeukia. Nikasema kwa nguvu, kwa sababu ya lile sikio, "Ng'ombe sita. Wote wazima, na mmoja alikuwa na mimba. Alizaa hapa, nikakamua mimi mwenyewe."

Alitikisa kichwa mara moja kukubali. Akaondoka. Baada ya mavuno walihama mlimani, wakaenda Misikhu, ambako yeye anauza chumvi na sabuni kwa meza na binti anashona. Wajukuu huja likizo. Yeye haji.

Binti yangu sikumwomba msamaha. Kwetu mzazi haombi, na hata kama anaomba, mimi sikujua maneno yake. Siku ile ya kituoni, tuliporudi, nilimpikia kuku nikampa firigisi, ambayo kwetu mwanamke hapewi. Aliitazama kwa sahani. Akamkatia mtoto wake nusu, nusu akala.

Jumapili iliyofuata, tulipotoka kanisani, niliwaita wote wa boma: wanangu wawili wa kiume, wake zao, wajukuu, hata mfanyakazi wa ng'ombe. Niliwasimamisha uani, jua la saa sita kichwani, wakadhani nimefiwa na mtu. Mmoja wa wake wa wanangu alikuwa na mwiko mkononi, ametoka jikoni. Nilimwambia auweke chini. Kisha nikawaambia neno hili, na sijalibadilisha: "Kuanzia leo hakuna mtoto wa boma hili atapigwa ili akubali. Akisema si yeye, muache aseme si yeye, aende acheze, nanyi mtafute kilichoharibika mkifungue."